Ng'ombe Mwenye Masharubu

Mwaka ule panya wa kijiji cha Ntobeye walinenepa kuliko nguruwe wa Eustakia. Mahindi ya njano ya msaada yalipita kwa malori, yakadondoka, yakauzwa, yakafichwa mivunguni, na panya wakala kila siku bila hata kadi ya kambi ya wakimbizi.

Mwaka huohuo Eustakia, mjane mwenye migomba mingi na ulimi usio na breki, alipewa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa paka.

Aliyempa ni Mzee Bizimana, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa akitoka kambini kuja kumpalilia maharage. Kwao aliacha ng'ombe kumi na wawili. Huku hata jembe lilikuwa la kuazima. Siku moja aliokota paka mweupe nyuma ya ghala la chakula, amekonda, kifua kinakoroma, akamleta ndani ya kikapu. Akasimama uani, akavua kofia, akamsifu yule paka kwa majina yote aliyokuwa akiwasifia ng'ombe wake, pembe zikiwemo. Eustakia alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaona mzee hacheki, akanyamaza, akapokea kwa mikono miwili.

Sasa, kugabiwa ng'ombe, yaani kupewa kwa heshima kama alama ya urafiki, si mchezo. Unapika pombe ya shukrani, ndama wa kwanza anarudi kwa aliyekupa, na mnyama akifa kwa uzembe wako, aibu hiyo hutaiosha hata kwa maji yote ya mto Ruvubu. Eustakia akapika pombe ya ndizi, akamwita paka Malkia. Naye Malkia, badala ya kushukuru, akakohoa mpaka macho yakamtoka.

Juvenali, bwana mifugo, alikuja na pikipiki yake. Akasema hii ni pumu, haiponi, inatulizwa tu: sindano kila mwezi, na dawa yenyewe inafuatwa Biharamulo. Akataja bei. Eustakia akamuuliza kama hiyo ni ya paka mmoja au ya zizi zima.

Alibaki kizingitini amempakata. Alimpenda kiumbe yule, basi, ya nini kuficha. Alipenda anavyomlalia begani akikoroma kama mashine ya kusaga. Na alijua kila asubuhi Bizimana atauliza, kabla hata ya kushika jembe, ng'ombe ameamkaje.

Ndipo alipowakumbuka panya. Akazunguka kijiji kizima akitangaza: anayetaka mtoto wa Malkia achangie sindano. Telesfori mwenye mashine ya kusaga akatoa hela, Bonifasia akatoa mayai, na Shilinde, Msukuma aliyehamia na kundi lake kutoka Shinyanga, akatoa maziwa ya mwezi mzima yauzwe. Watu saba waliahidiwa, na Eustakia kwa furaha akawagawia mpaka rangi: Telesfori mweusi, Bonifasia wa madoa. Malkia akachomwa sindano, akala, akanawiri, akaua panya kumi na mmoja kwa wiki moja na kuwapanga mlangoni.

Sindano ya tatu ndiyo iliyozua balaa. Wachangiaji wote walikuja kuangalia kama tumbo limeanza kuonekana. Juvenali, ambaye siku zote alichoma shingoni na kuondoka, safari hii akamgeuza chali. Akatazama. Akafuta miwani, akatazama tena.

"Mama Eustakia," alisema taratibu, "huyu Malkia ni dume."

Hakuna aliyewahi kukagua. Ng'ombe wa kugabiwa huwa ni jike. Tangu enzi za mababu nani alimgabia mwenzake dume, hata mtu ahangaike kuinua mkia? Bonifasia akauliza habari za mayai yake. Bizimana akainamisha kichwa kwa haya, akasema kosa ni la aliyetoa, atamrudisha mnyama kambini. Kambini hakuna sindano. Kule paka asingemaliza wiki tatu. Eustakia akamkumbatia Malkia kwa nguvu hadi paka akatoa sauti.

Shilinde peke yake alikuwa anacheka, amekwisha kuanguka kutoka kwenye kigoda.

"Mnalilia dume?" alisema. "Kwetu dume moja linazalisha kundi zima. Tafuteni majike."

Majike yalikuwa Lusahunga. Teddy, mwenye duka pale njia panda, alikuwa na paka watatu waliokosa mume. Malkia akapandishwa lori lililokuwa likirudi tupu, ndani ya kikapu kilekile, amekwisha kuchomwa sindano ya safari, akakaa huko wiki mbili kama bwana harusi. Miezi miwili na nusu baadaye watoto kumi na wawili walikuwa wamezaliwa. Walipoacha kunyonya, Teddy akabakiza wanne, wanane wakaja Ntobeye kwenye katoni ya sabuni.

Wa kwanza, mweupe, alikuwa wa Bizimana. Ndivyo desturi inavyotaka. Mzee akampokea kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akavua kofia, akaanza majina ya sifa. Alipofika kwenye pembe, kipaka kikafungua mdomo, kikakohoa, kikakoroma.

Kisha Bizimana, ambaye tangu avuke mpaka hakuna aliyeyaona meno yake, akacheka hadi akakaa chini, machozi yanamtoka, kipaka kinamkoromea kifuani.

Juvenali akaanza kufungua mkoba wa sindano. Eustakia akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia Shilinde, akamuuliza kwa adabu sana ng'ombe wake siku hizi wanatoa maziwa kiasi gani.