Ukuta wa Bure wa Don Sinforiano

Aibu ilimkuta Sinforiano Gauto mbele ya wanawake wa sala. Walikuwa wamejaa sebuleni kwake na rozari zao, mkewe Ña Deolinda akiwaongoza, ndipo kompyuta ya pale kwenye kona, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, ikaanza kumwaga picha za mabinti waliovaa upepo. Sinforiano akaruka kama kijana. Akafunga picha moja, zikafunguka tatu. Akaifunika skrini kwa kitambaa cha meza, nayo ikaanza kutoa sauti. Mwishowe aling'oa waya ukutani, na wanawake wakaendelea na Salamu Maria kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Kisa chenyewe? Asubuhi ile alikuwa amefungua barua pepe iliyomwambia ameshinda gari. Jamani! Mtu aliyezeeka kwenye kituo cha forodha mpakani, anayejisifu kwamba ananusa uongo ukiwa bado ng'ambo ya mto, aliambiwa ameshinda bahati nasibu ambayo hakuicheza, akaamini. Hata rangi ya gari alishachagua.

"Mimi ni ng'ombe," alimwambia mkewe wageni walipoondoka.

"Ng'ombe anatoa maziwa," Ña Deolinda akajibu.

Kumwita fundi hakutaka, maana fundi angeuliza mdudu ameingiaje, na kesho yake mji mzima wa Encarnación ungekuwa unamuuliza gari limefika lini. Kuiacha kompyuta ife nako hakukuwezekana. Binti yao wa pekee, Zunilda, alikuwa Málaga, Uhispania, akimtunza bibi mmoja mgonjwa, na kompyuta ile aliwanunulia yeye. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana sura yake ilitokea pale kwenye kona, akaunganisha viganja na kusema, "Nibariki, baba," naye Sinforiano akambariki huku bado anatafuna. Simu ya kawaida ya ng'ambo iliwaumiza mfuko.

Tena Jumapili iliyopita Zunilda alikuwa ametoa habari nzito. Anaolewa. Na anayemwoa ni Edwin Choque, fundi ujenzi, mtu wa Bolivia.

Mbolivia! Baba yake Sinforiano alirudi kutoka vita vya Chaco, nchi yao ilipopigana na Bolivia, na risasi ya Kibolivia pajani, na kila mvua ilipokaribia aliitukana Bolivia kuanzia rais wake hadi mbuzi wake. Sinforiano mwenyewe hakuwa na ugomvi na Mbolivia yeyote, ila ulimi wake haukuwa na breki. "Huyo hapiti bila muhuri wangu!" alisema, akacheka peke yake. Zunilda hakucheka. Alisema tu, "Harusi ni mwezi ujao, baba. Jumapili nitakupigia unipe jibu. Bila neno lako nitaolewa, lakini nitaolewa nikilia."

Kwa hiyo kompyuta ilipaswa kupona kabla ya Jumapili, basi.

Aliyeombwa ushauri ni Wilfrido, mwenye bucha la jirani, kompadre wake, baba wa ubatizo wa Zunilda. Kuhusu kompyuta Wilfrido alijua kiasi kile kile alichojua Sinforiano, ila alikijua kwa sauti kubwa zaidi. Walikaa barazani wakipokezana kikombe cha tereré, chai ya baridi ya majani.

"Antivairasi za kulipia achana nazo," alisema Wilfrido. "Wanataka dola. Mimi ninayo ya bure, ile yenye picha ya mbwa. Akiona virusi anabweka."

"Anabweka kweli?"

"Juzi amebweka mchana kutwa."

"Akakamata nini?"

"Hakukamata kitu. Lakini kubweka, kompadre, alibweka."

"Mimi nimesikia kuna nyingine ya bure, ya jogoo."

"Ya jogoo nayo wanaisifu."

"Rahisi ghali!" Ña Deolinda alipaza sauti kutoka jikoni, mikono yake imejaa unga wa mhogo.

Sinforiano akatumia akili. Kama ya mbwa ni bure, na ya jogoo ni bure, mjinga gani atachagua moja? Akapakua zote mbili. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua, isipokuwa afisa forodha mstaafu. Mbwa alimwona jogoo, akatangaza kwamba ni virusi hatari. Jogoo akawika kwamba mbwa ana kichaa. Huyu akamfungia yule, yule akamfungia huyu, na mabinti waliovaa upepo wakaendelea kupita katikati yao bila bughudha. Kompyuta ikaganda, ikanguruma, ikawa ya moto hata Ña Deolinda akauliza kama anaweza kuchoma mbejú, mkate wake wa mhogo, juu yake. Siku mbili zikaishia kumwondoa jogoo, ambaye kama wageni wote wa bure hakutaka kuondoka. Alipotoka, mbwa akapata nafasi ya kufanya kazi, na kusema kweli aliifanya. Mabinti wakatoweka.

Angeishia hapo, leo tusingekuwa na la kumcheka. Lakini Wilfrido alikuja na kisahani cha programu, CD, alichokipata kwenye gazeti la kompyuta.

"Mbwa anamkamata aliyekwisha ingia," alisema. "Wewe unahitaji kitu cha kusimama mlangoni. Wenyewe wanakiita ukuta wa moto. Programu yoyote ikitaka kuingia au kutoka, ukuta unakuuliza wewe kwanza. Unabonyeza ruhusu, au unabonyeza kataa."

Sinforiano akamsogelea. "Inaniuliza mimi?"

"Wewe."

Ewe msomaji, mwelewe. Tangu astaafu hakuna kiumbe aliyewahi kumwomba ruhusa ya chochote. Hata paka wa nyumba ile alipita bila kumtazama. Na sasa hapa palikuwa na mashine, tena ya bure, inayotaka kusimamisha kila msafiri na kumuuliza yeye, Don Sinforiano Gauto, apite au asipite! Akavuta kiti, akavaa miwani, akajiweka sawa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Dirisha la kwanza likatokea. Programu fulani, jina lake herufi tupu, inaomba kutoka kwenda kuulizia saa. Saa ipo ukutani! Kataa. Nyingine inaomba kuingia ikitokea mahali pasipojulikana. Kataa. Mashine ya kuchapa inaomba kuzungumza na kompyuta. Wana siri gani? Kataa. Ña Deolinda alipotaka kuchapa maneno ya sala aliambiwa kwamba mashine ya kuchapa haina vibali.

"Ulipokuwa kazini vilipita hata vitanda na magodoro, wewe unapunga mkono," mkewe alimkumbusha. "Ulichowahi kukamata ni gunia la vitunguu. Na mama mwenye gunia alipolia ukamrudishia, ukamsindikiza hadi kituo cha basi."

"Nilikuwa sina vifaa," alijibu Sinforiano.

Programu moja ilimsumbua sana. Ilikuwa na jina refu lenye tarakimu, kama bamba la lori, na kila alipoikataa ilirudi kubisha. Anayebisha namna hiyo ni mdai au tapeli, aliwaza. Chini ya dirisha palikuwa na kisanduku kidogo cha kusema jibu hilo ni la milele. Akakitia alama, akabonyeza kataa, akalala usingizi mnono.

Jumapili ilipofika alivaa shati lililopigwa pasi. Jibu alikuwa nalo tayari, na jibu lilikuwa ndiyo. Alikuwa amelitia kejeli kidogo pembeni, ili isionekane amekubali upesi. Akakaa mbele ya kompyuta. Jina la Zunilda lilikuwa la kijivu, kama la mtu asiyekuwepo. Akasubiri hadi chai ikapoa, hadi Ña Deolinda akawasha taa.

"Umemuudhi," mkewe alisema.

"Atapoa."

Hakupoa. Jumapili iliyofuata jina lilikuwa kijivu, na iliyofuata vilevile. Sinforiano akaanza kukasirika. Ukali wa nini kwa utani mmoja? Yeye ndiye baba, baba habembelezi, na pesa za kupiga simu Ulaya ili atukanwe hana. Hayo aliyasema mbele za watu. Lakini kila Jumapili shati lilipigwa pasi, na akiwa peke yake sebuleni alikuwa akiisogezea kamera uso, akiiuliza kimoyomoyo imemfanyia nini mwanawe. Ilimuuma, jamani.

Wiki ya harusi, Ña Deolinda alichukua pesa za kuku aliouza, akaenda kwenye kibanda cha simu bila kumuaga mtu. Aliporudi alimkuta mumewe barazani na Wilfrido. Hakuketi.

"Mwanao analia," alisema. "Anasema wewe umemfungia. Kila Jumapili anapiga na kupiga, jina lako ni kijivu. Anasema watu huko wakichukiana ndivyo wanavyofanyana, wanafungiana kwenye kompyuta. Anaolewa Jumamosi, Sinforiano, na anajua baba yake amemkana kwa ajili ya Mbolivia."

"Nimfungie mimi? Yeye ndiye aliyenifungia!" Sinforiano alisimama. "Mimi sijamfungia mtu yeyote! Mimi nilichofunga ni..."

Akakaa tena. Ile programu yenye jina kama bamba la lori. Ile iliyobisha na kubisha.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Ile ilikuwa ni yeye."

Wilfrido alielewa, kwanza akacheka, kisha akaona uso wa rafiki yake akaacha. Wakaingia ndani wote watatu. Sinforiano alitafuta pa kufutia neno lake, asipaone. Milele ya programu ile ilikuwa milele kweli. Basi akaung'oa ukuta mzima, akazima mashine, akaiwasha. Jina la Zunilda likawa la kijani.

Hapo Sinforiano akaachia kipanya, akawageukia.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie kampuni ya simu ilikata waya," Wilfrido alinong'ona. "Heshima yako inabaki. Mtaa mzima unajua wewe ni mtaalamu, kompadre, umemwekea padri antivairasi juzi tu! Utasema ulimfungia mwanao ukidhani ni tapeli? Watakucheka mpaka Pasaka."

"Waya," Sinforiano alirudia. Ulikuwa uongo mzuri. Kwa mtu anayejua kunusa, haukuwa na harufu. Akabonyeza.

Zunilda akatokea. Macho yalikuwa yamevimba, na hakuunganisha viganja. Alimtazama kama watu walivyokuwa wakimtazama mpakani, wakingoja kujua watarudishwa au la.

"Baba," alisema. "Usinizungushe. Ulinifungia kwa sababu ya Edwin?"

"Waya," Wilfrido alinong'ona nyuma ya mlango. "Waya!"

Sinforiano alimwona mwanawe anauma mdomo. Akawaza kwamba waya utamtoa yeye kwenye aibu, lakini hautamtoa Zunilda kwenye shaka. Siku ya harusi angekuwa bado anajiuliza. Waya gani unakatika wiki zote hizo, Jumapili tu, baada ya maneno yale?

"Nilikufungia, ndiyo," alisema. "Kwa mkono wangu. Niliweka ukuta wa bure ambao sikuuelewa, ukaniuliza mara kumi kama uingie, nikadhani wewe ni mwizi, nikasema usiingie milele. Na kabla ya hapo niliweka antivairasi mbili zikapigana. Na kabla ya hapo niliamini nimeshinda gari. Siyo Edwin, mwanangu. Ni ujinga. Baba yako ni mjinga, na kompadre wangu anayesimama nyuma ya mlango ndiye mwalimu wangu."

Zunilda akajifunika uso. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Sinforiano hakujua kama analia au anacheka, mpaka aliposikia.

"Ujinga wako naujua tangu nikiwa mdogo, baba," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Nimelelewa nao, naupenda. Nilichokuwa nakiogopa ni hasira." Kisha akaunganisha viganja, na Sinforiano akambariki yeye na Edwin wake, bila kudai muhuri.