Punje Zenye Kiu

Mpimaji wa kiwanda cha bia alimimina shayiri kwenye chekeche, akalitikisa, na karibu yote ikadondoka chini. Iliyobaki juu haikujaza hata kijiko cha chai.

"Nyembamba, dada. Mvua ilikatika wakati punje zinajaa. Hapa kuna ganda na protini, wanga wa kutengeneza kimea haumo."

"Mbegu si mlitupatia ninyi wenyewe?" Chiriku akamjia juu. Jina hilo walimbandika utotoni kwa sababu ya mdomo wake. "Ile ya mama ilivumilia ukame, mkaipiga marufuku."

"Ile punje zake ndogo hata mvua ikinyesha. Kiwanda hakiitaki." Mpimaji akafuta chekeche kwa kitambaa. "Na ukikataliwa tena msimu huu, shamba anapewa mwingine. Unajua."

Alijua. Shamba lilikuwa la kiwanda, lakini yeye alizaliwa humo.

Mama yake alikuwa amekaa uani juu ya magunia, hoi kwa safari. Chiriku alipompelekea maji, shayiri iliyanywa kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ikanywa na jasho la wapakuzi. Ikanywa ndoo ya mlinzi, naye mlinzi akasogeza ile ya pili mbali, akaendelea kusoma gazeti. Maji ya karibu yalipokwisha, ikaanza kumnywa mama.

"Mama, shuka hapo."

"Niache. Tangu zichanue hazijaonja kitu, maskini. Zinywe tu."

Chiriku angeweza kumvuta mkono. Aliangalia magunia yanavyotuna, akalifikiria shamba, akanyamaza, yeye ambaye hanyamazi hata akila. Kufikia jioni mama alikuwa mwepesi kama nguo iliyokaukia kambani.

Asubuhi mpimaji alichekecha tena, na hakuna punje iliyodondoka.

"Hizi ndizo sasa," akasema, na alifurahi kweli. Kisha akazitia kwenye mashine ya kupima unyevu, akaguna. "Zimelowa mno, zitaoza ghalani. Kazianike."

"Zikikauka si zitakuwa nyembamba?"

"Zitakuwa."

"Sasa je?"

"Ndiyo hivyo, dada. Mimi nasoma mashine tu."

Chiriku akazianika juu ya turubai. Maji ya mama yake yalipanda angani taratibu, huku akiyaona, na hakuna tone lililomrudia mwenyewe. Alitamani kumtukana mtu, asijue aanzie kwa nani. Alasiri mpimaji alichekecha mara ya tatu, na punje zote zikapita chini.

Shayiri ikamwagwa penye chakula cha mifugo. Mama akaenea kwenye gunia moja tupu, Chiriku akalibeba begani mpaka getini.

"Umebeba nini?" mlinzi akauliza.

"Mama."

"Na shayiri?"

"Wameikataa."

"Pole. Subiri lori liingie kwanza."

Lori lilileta mbegu za msimu ujao, zilezile za punje nene. Lilipopita, mama akauliza kutoka guniani, kwa sauti kavu, kama shayiri yao imekubaliwa.

"Imekubaliwa, mama," Chiriku akasema. "Yote."