Likwata Kwenye Ramani

Vita vya Majimaji vilikuwa vimepamba moto Adija alipokwenda Kitomanga kutafuta chumvi, na huko huko askari wa Mdachi wakamkamata na kumtwika sanduku la risasi. Hakulia kwa ajili ya mzigo. Hofu yake ilikuwa kwa mwanawe Mboni, wa miaka mitatu, aliyemwacha na bibi yake nyuma ya Rutamba, kwa jumbe Likwata. Jumbe huyo ndiye aliyekuwa akisakwa. Kijiji chake kikionekana, kitachomwa moto, na atakayekutwa humo asitarajie huruma.

Asubuhi moja Mzungu alitandaza karatasi juu ya sanduku, Adija akaitwa. Mkalimani alikuwa Mfaume, askari wa Kilwa.

"Hii ndiyo nchi yenu," Mfaume alisema. "Tuoneshe kwa Likwata."

"Mie naona mikwaruzo tu, kaka."

"Mstari wa buluu ni mto. Hii mistari iliyosongana ni mlima. Jua linachomoza huku." Mfaume akaigeuza karatasi mpaka mashariki yake ikaelekea mashariki.

Hapo Adija akaona. Mto uleule, mlima alikokuwa akikata kuni, njia ya Rutamba na pale inapogawanyika. Tuseme kweli, ramani ilikuwa nzuri: mtu asiyejua alifu wala be aliisoma kabla mate hayajakauka. Ndiyo maana ilimtisha.

"Na watu je? Wanaonekana humu?"

"Watu haichori. Vijiji tu." Mfaume akaweka kidole kwenye nukta. "Hapa pameandikwa Likwata. Ndipo?"

Kwao kijiji huitwa kwa jina la jumbe, na jumbe akihama, jina hubebwa pamoja na vinu na mikeka. Likwata alikuwa amehama mwaka juzi, simba walipozidi, akavuka mto na kuingia msituni. Pale kwenye nukta palibaki mahame, kuta za udongo zilizoanguka na mihogo iliyoota ovyo. Wachora ramani hawakurudi kupiga hodi na kuuliza.

Adija akapiga moyo konde. "Ndipo, bwana. Ndipo hasa."

Njia nzima alibeba sanduku lake bila kulegeza mwendo. Alijua wakikuta mahame watamgeukia yeye. Liwalo na liwe, alijiambia, bora mimi kuliko mwanangu. Akawa anatamka shahada kimoyomoyo.

Walipofika, askari walitawanyika kimya vichakani, bunduki tayari. Adija akachungulia. Moshi ulikuwa ukifuka. Njaa ya msituni ilikuwa imewarudisha wanawake kuchimba mihogo yao ya zamani. Mama yake Adija alikuwa ameinama na jembe, na kando yake Mboni amechuchumaa, anatafuna kipande kibichi.

Adija hakufikiri. Alilitupa sanduku, akapiga yowe kwa nguvu zake zote.

"Kimbieni! Mboni, kimbia!"

Wanawake wakakimbilia msituni. Bibi akamshika mtoto mkono na kumvuta, lakini Mboni akajichomoa. Alikuwa hajaisikia sauti ile kwa siku nyingi. Alikuja mbio kuelekea vichakani, mikono ameinyoosha, akicheka na kuita, "Mama! Mama amekuja!"