Mkono Mwepesi

Katika kliniki ile ya watoto kulikuwa na muuguzi ambaye watu walimwita Mkono Mwepesi, na yeye mwenyewe alishazoea kuitika. Si wepesi wa wale wanaochomoa pochi za watu, la. Ni kwamba akikuchoma sindano, unakumbuka ukishafika nyumbani. Wenzake waliwabana watoto mikono na miguu kama wanaokamata kuku wa kuchinja, na mayowe yakafika mpaka getini. Yeye alikuwa na njia yake. Alipangusa bega kwa pamba yenye spiriti, akamwinamia mtoto sikioni na kumuuliza kwa sauti ya mtu mwenye shida ya kweli: "Hebu nisaidie, kuku ana meno mangapi?" Mtoto akaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho sindano ikaingia na kutoka. Pamba, plasta, haya nenda kwa mama.

Ndiyo maana daktari wa kliniki alipoanza mpango wake wa sindano za akili, alikwenda wodini mwenyewe kumwomba ahamie kwake. Alimsifia mbele ya watu, na sifa haijawahi kumchosha mtu.

Sindano za akili ni jina la watu wa mtaani. Daktari alikuwa na jina lake refu la kitaalamu ambalo hakuna mzazi aliyejisumbua kulikariri. Zilikuwa tatu, na baada ya kila moja mtoto alipumzishwa kwa miezi kadhaa. Baada ya ya kwanza, mtoto aliyehesabu kwa vidole aliachana na vidole. Baada ya ya pili, alianza kumsahihisha mwalimu. Ya tatu hakuna aliyekuwa ameifikia bado, lakini wazazi walikuwa tayari wanaisubiri kwa hamu, wamejazana kwenye mabenchi ya korido, kila mmoja akimsimulia mwenzake maajabu ya mwanawe. Maswali hawakuwa nayo. Mzazi ukimwambia mwanawe atawapita wa jirani, masikio yake yanaziba hapo hapo.

Na Mkono Mwepesi naye alikuwa mzazi. Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka minane, ambaye bibi yake alimpachika jina la Chiriku kwa jinsi alivyoongea tangu anafumbua macho mpaka anasinzia na neno mdomoni. Nyumbani alikuwa raha tupu. Darasani alikuwa wa mwisho, na siku moja mwalimu alimwambia mama yake waziwazi kwamba kichwa cha mtoto huyu ni chekecheke. Neno hilo lilimchoma mama. Alimfuata daktari ofisini, akamsihi, akapiga magoti, mpaka Chiriku akaingizwa kwenye mpango. Hakuna aliyemshikia bunduki. Sindano mbili za kwanza alimchoma kwa mkono wake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wauguzi walilifanyia utani kwenye chumba cha chai. Lile swali la kuku lilikuwa limekufa. Watoto wa mpango walipofika kwa sindano ya pili, walimtazama kwa huruma na kumjibu, "Kuku hana meno, shangazi," bila hata tabasamu. Lakini hawakulia. Hawakukunja uso. Bega halikushtuka. Mkono Mwepesi alijipongeza kimoyomoyo: mkono umekomaa sasa, hauhitaji hata mzaha. Wenzake nao wakampongeza. Basi likapita hivyo, na hakuna aliyeliuliza mara ya pili.

Siku ya kwanza ya sindano ya tatu, aliyetangulia alikuwa mtoto wa seremala. Aliingia na mama yake asubuhi, sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, akatembea wima kabisa mpaka kwenye kiti. Mkono Mwepesi alikuwa ameshashika pamba alipoona vigae. Kutoka mlangoni mpaka kitini kulikuwa na alama za kiatu kimoja, nyekundu, kisha kahawia.

"Mama, mtoto amekanyaga nini huko nje?"

"Labda rangi ya baba yake," alisema mama. "Kutwa yuko karakana, anampigia baba yake hesabu za mbao."

Mkono Mwepesi alipiga goti akavua kiatu. Kiatu kiligoma. Alipovuta kwa nguvu kikatoka na soksi yake, na ile harufu iliyofuata ilimjulisha yote kabla hajaona. Msumari ulikuwa umetoboa soli ukazama katikati ya unyayo, na si leo wala jana. Nyama ilikuwa nyeusi mpaka karibu na kifundo.

Mtoto aliutazama mguu wake kama anavyoutazama wa mtu mwingine.

"Mwanangu!" Mama alipiga ukelele uliosimamisha korido nzima. "Mbona hukulia? Mbona hukuniambia?"

"Samahani mama," alisema mtoto. "Nilisahau."

Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Mama yake alibaki sakafuni amekumbatia kile kiatu, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mkono Mwepesi alinawa mikono, akanawa tena, huku akiwakumbuka mmoja mmoja: mabega yote yale yasiyoshtuka, nyuso zote zile zisizokunjwa. Alifunga bomba la maji. Hakukuwa na mkono wowote uliokomaa. Watoto walikuwa hawasikii maumivu, na kwa kuwa kwake mtoto kutolia lilikuwa jambo la kila siku, ndiye mtu pekee ambaye asingeweza kuligundua.

Aliingia kwa daktari bila kubisha. Daktari alikuwa amekaa na kikombe chake cha chai, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye hata wafagiaji aliwaamkia.

"Nimeambiwa," alisema. "Keti, sista."

"Siketi. Ulikuwa unajua?"

Daktari alikoroga chai yake. "Maumivu ni kelele, sista. Kichwa cha mtoto kinatumia nguvu nyingi sana kuzisikiliza. Ukizipunguza, akili inapata nafasi. Sikutaka ziishe kabisa. Kwa wengine zimeisha, kwa wengine hazijaisha."

"Mguu wa mtoto umeoza akiwa anatembea nao!"

"Nimeuona." Aliweka kijiko kando. "Wewe unadhani kwa nini nilikufuata wodini? Wauguzi walikuwa tele. Mtoto asipolia kwa muuguzi mwingine, mzazi anashangaa, anauliza. Asipolia kwako, wanasema ni Mkono Mwepesi huyo, mnamjua."

Alitamani kumrushia kile kikombe. Lakini akajikuta ameketi alipokataa kuketi.

"Mwanangu," alisema.

"Ndiyo. Chiriku zamu yake ni leo jioni." Sasa daktari alimtazama machoni. "Nitakwambia ukweli kwa sababu ni wewe. Ya tatu ndiyo inayoyafunga maumivu kabisa. Kama bado anasikia maumivu, mwache hapo hapo alipo, atabaki nayo, na mimi nitafuta jina lake bila neno. Kama hasikii, basi hayarudi hata ukiacha. Huyo ni afadhali apate ya tatu, awe na akili kamili ya kujilinda kwa macho. Nenda kampime. Wewe unajua kuchoma."

"Na hao wengine? Nikitoka hapo koridoni nikawaambia wazazi?"

"Watauliza nani aliyewachoma watoto wao," alisema daktari kwa upole ule ule. "Si mimi, sista."

Alitoka na bomba la sindano mfukoni, likiwa na kifuniko chake. Koridoni wazazi walimwamkia kwa heshima, wakamsogezea watoto wapite karibu naye. Mmoja alimuuliza kama foleni itaendelea. Alijibu kwamba leo hakuna sindano, kuna hitilafu, rudini nyumbani mkawakague watoto wenu miili yao yote, hata nyayo. Walimshangaa. Hakuweza kusema zaidi, na alijichukia kwa kutoweza.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni anachambua mchele, miwani imemshuka mpaka puani.

"Umefukuzwa kazi?" aliuliza bibi. "Mbona saa hizi?"

"Chiriku yuko wapi?"

"Yuko mezani na hayo mahesabu yake. Mtoto tumemwita Chiriku, siku hizi unaweza kukaa naye mchana kutwa ukadhani umekaa na bundi. Zamani nilikuwa namwomba anyamaze, sasa namwomba aniongeleshe hata kidogo." Bibi alipuliza makapi. "Ila mikono anayo ya chuma. Juzi kaniepulia sufuria jikoni bila kitambaa. Nikasema huyu atafaa upishi."

Juzi ileile Mkono Mwepesi alikuwa ameyasikia hayo akacheka. Sasa alishika mwimo wa mlango.

Chiriku alikuwa amekaa na kitabu cha watoto wakubwa, penseli mdomoni. Mama alivuta kiti, akamshika mkono, akaugeuza kiganja. Ngozi ilikuwa imebabuka kwenye vidole viwili, imeanza kukauka.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Sufuria," alisema Chiriku. Kisha haraka: "Iliuma sana."

"Mbona hukulia?"

"Nilimwonea bibi huruma. Nililia moyoni."

Lo, jinsi mama alivyolishika jibu hilo! Kwani si kweli kwamba mtoto huyu alikuwa na huruma tangu zamani? Si yeye aliyempa paka wa jirani chakula chake chote? Inawezekana alilia moyoni. Watoto hulia moyoni. Alimkumbatia mpaka penseli ikaanguka, na bibi aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake akauliza kuna nini, nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Nataka kumpima kitu kidogo."

"Kumpima nini?"

"Kama anasikia maumivu."

Bibi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaweka ungo chini.

Mama alimfunga Chiriku macho kwa kitambaa cha kichwani mwake. Akauweka mkono wa mtoto mezani, kiganja juu. Akatoa bomba la sindano mfukoni. Mkono ule uliosifiwa mji mzima ulikuwa mzito, kama wa mwanafunzi anayechoma kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechoma watoto wa watu bila idadi. Huyu alimshinda. Alikuwa akimwomba Mungu kwa maneno ambayo hajawahi kuyatumia: alie, Mungu wangu, mtoto wangu alie, alie mpaka majirani waje, nami sitamtaka tena awe wa kwanza katika kitu chochote.

Sekunde zikapita. Hakuweza kuvuta kifuniko. Mwishowe, kwa kukosa ujasiri tu, ili aone kama mkono utamtii, alikigusisha kile kifuniko cha plastiki kwenye ncha ya kidole cha mtoto, taratibu, kama unavyomgusa mtu aliyelala.

"Aaai! Mama! Mama unaniumiza!"

Chiriku aliuvuta mkono kifuani. Machozi yalitoka chini ya kitambaa, machozi ya kweli, yakamiminika mpaka kidevuni, na mabega yakaruka kwa kwikwi. Kilio kilikuwa kizuri. Kilikuwa na kila kitu ambacho kilio cha mtoto kinatakiwa kuwa nacho.

"Afadhali!" alisema bibi mlangoni, naye machozi yanamtoka. "Afadhali mjukuu wangu! Kalia! Umemsikia? Kalia huyu, hana kitu, mzima kabisa! Mlitaka kuniua kwa presha nyie."

Mama aliinamia meza. Alikuwa akikitazama kifuniko, kilivyokaa imara mahali pake.

"Chiriku," alisema, na sauti haikuwa yake. "Sijakuchoma bado."

Kilio kikakatika palepale, kama bomba lililofungwa. Mtoto alishusha kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu na matulivu, yakatazama kifuniko, yakamtazama bibi, yakarudi kwa mama yake na kubaki hapo kwa muda, yakitafuta kosa lilipotokea.

"Nani alikufundisha?" aliuliza mama.

"Tunafundishana kwenye benchi. Wakubwa wanafurahi tusipolia kwenye sindano zako tu; tukiumia kwingine, tusipolia wanaogopa." Alijifuta mashavu kwa mgongo wa mkono. "Mtoto wa seremala huwa anasahau. Mimi sitasahau tena, mama."

Bibi aliketi chini, kwenye mchele wake.

Chiriku alimwangalia mama yake analia, akamwangalia kwa makini sana, kisha akaurudisha mkono wake mezani, kiganja juu, akajifunga tena kitambaa machoni.

"Haya, choma sasa," alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Nitalia vizuri zaidi."