Siku Réjean Alipovua Koti

"Mwaka mpya tule kwako?" Réjean alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Dada yangu, kwako hata maziwa hayana haja ya friji. Mama kashapita themanini. Unataka tumzike Januari, ardhi yote imeganda?"

Ghislaine hakucheka. Alikuwa amesimama jikoni, sweta mbili mwilini na soksi za sufu za mumewe miguuni, katika nyumba ile ile alimozaliwa, nyumba ya mbao ukingoni mwa Ziwa Saint-Jean. Mama yao, Alphonsine, alikuwa amehamia nyumba ya wazee mjini Roberval tangu alipovunjika nyonga. Kila Ghislaine alipokwenda kumtazama, bibi kizee alikuwa na wimbo mmoja tu: laiti mwaka mpya ungemkuta kwake, kule ziwani.

"Nitaipasha joto," alisema Ghislaine.

"Kwa kitu gani, kwa rozari? Hita zenu zinakula umeme mchana kutwa, na mimi nikija nakula na koti."

"Njoo nalo hilo koti. Utalivua mwenyewe."

"Nikilivua, vyombo vyote naosha mimi. Mbele ya watu."

Réjean hakuwa ameosha hata kikombe tangu azaliwe. Ghislaine alikata simu, akaenda kumwambia mumewe alichokiahidi.

Fernand, aliyestaafu kutoka kiwanda cha karatasi na aliyependa kuachwa asome gazeti lake, alimtazama juu ya miwani. "Bibi wee, mtambo mpya wa joto ni bei ya gari. Na gari lenyewe hatuna la maana."

"Nani kasema tununue mtambo? Joto tunalo, tunalilipia kila mwezi. Mimi nataka kujua linakimbilia wapi."

Kesho yake upepo ulivuma kutoka ziwani, na hiyo ndiyo siku aliyokuwa akiitaka. Ghislaine aliwasha mshumaa, akaanza kupita nao taratibu kando ya kuta. Penye dirisha la sebuleni mwali ulilala upande. Penye soketi za ukuta wa nje ulitetemeka, naye akabaki kinywa wazi, maana hakuwahi kufikiri kwamba upepo unaweza kupita hata kwenye matundu ya umeme. Alipoinama chini ya mlango wa nyuma, mshumaa ukazimika kabisa.

"Fernand, njoo uone. Miaka yote mlango huu uko wazi, na huku tumeufunga."

Fernand alikuja akiburuza ndara, nia yake kumkejeli. Aliweka kiganja chini ya mlango, akakiondoa, akakirudisha. "Ala," alisema. Gazeti halikusomwa tena siku ile.

Ghislaine alishona mfuko mrefu mwembamba kwa suruali kuukuu ya mumewe, akaujaza mchanga, akaulaza kizingitini. Nyuma ya vifuniko vya soketi walitia vipande vya sponji, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Kisha wakageukia hita zenyewe, zile ndefu za bati zilizokaa chini ya madirisha. Kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma ya kochi, na juu yake mapazia mazito yamening'inia.

"Hebu niambie," Fernand alisema, "tangu lini tunalipa ili kochi lipate joto?"

"Tangu ulipotaka kukaa karibu na televisheni."

Wakalisogeza kochi, wakakata mapazia yaishie juu ya hita. Fernand alifungua bati la mbele, na ndani wakakuta vumbi limegandamana na manyoya ya mbwa aliyekufa zamani. Walilifyonza lote kwa mashine ya vumbi. Hita ilipowashwa tena, harufu ya vumbi lililoungua ilipanda kidogo ikapotea, na mara joto likaanza kupanda mbele ya dirisha, safi, bila kizuizi. Ghislaine alikaa sakafuni, mikono mbele, akicheka peke yake.

Kilichobaki kiliwashinda: zile swichi za duara ukutani za kuongoza hita, za zamani, ambazo ukiziwekea joto la wastani zinakuchemsha kwanza, kisha zinasinzia mpaka ugande. Hapo walimwita Maurice, fundi umeme wa jirani. Alizitoa, akafunga mpya ndogo zenye namba, akataka malipo yake nusu pesa na nusu pai ya nyama.

"Hizi hazisinzii," Maurice alisema. "Lakini usizichezee, Ghislaine. Ziweke mahali pamoja, uziache."

"Mwambie huyo," alisema Ghislaine, akimwonyesha mumewe kidole.

Yakabaki madirisha. Dukani kulikuwa na nailoni nyembamba ya kubandika kwenye fremu. Ghislaine aliibandika kwenye dirisha la sebuleni, ikakaa na makunyanzi kama shuka lililolaliwa, na Fernand akasema sasa wageni watadhani wenye nyumba wamehama. Ndipo Ghislaine alipochukua mashine ya kukaushia nywele, akaipitisha polepole. Makunyanzi yalijivuta yakatoweka moja baada ya jingine mbele ya macho yao, nailoni ikawambika ngangari, ziwa likaonekana nyuma yake kama hakuna kitu. Fernand aliigonga kwa ukucha. Ikalia.

"Lete hiyo mashine," alisema.

"Subiri zamu yako."

"Ghislaine, lete."

Madirisha yote yaliyobaki aliyafanya Fernand, akipiga mluzi.

Basi nyumba ikatulia. Sweta ya kwanza ilivuliwa, ikafuata ya pili. Ghislaine akampigia mama yake simu kumwambia aandae gauni lake la buluu.

Asubuhi ya mwaka mpya aliamka akaona pumzi yake ikitoka kama moshi.

Alishuka ngazi mbio. Hita zote zilikuwa zinawaka, mfuko wa mchanga uko mahali pake, lakini sebule ilikuwa baridi kama zamani. Nje, upepo ulikuwa umegeuka na kuwa mkali ajabu. Aliishika simu, akaliona tayari tabasamu la kaka yake, akaiweka chini.

"Lete mshumaa," alisema Fernand, ambaye naye alikuwa ameshuka nyuma yake, nywele timutimu.

Chini, mwali ulisimama wima. Walipofika kwenye ngazi ukaanza kuegemea juu, kama unaonyesha njia. Waliufuata mpaka ukumbi wa juu, na pale wakainua macho. Mfuniko wa tundu la kupandia darini, ubao mwembamba tu, ulikuwa umeinuliwa na upepo ukakaa upande. Joto lao lote lilikuwa linapandia pale, linakwenda kuyeyusha theluji ya paa.

Fernand alipanda ngazi ya kuegemeza, Ghislaine akaishika kwa mikono miwili. Walizungushia mfuniko ukanda wa sponji, wakalaza juu yake kipande kinene cha godoro kuukuu, wakaufunga kwa ndoano mbili. Kisha wakakaa jikoni, wakitazama namba kwenye swichi mpya. Ilipobadilika mara ya kwanza, Ghislaine alimkamata mumewe mkono. Ilipobadilika tena, aliinuka akaenda kuipasha moto pai kubwa ya nyama na viazi aliyowaandalia wageni.

Adhuhuri Réjean aliingia na mkewe, Huguette, wakimshika Mama huku na huku. Réjean alikuwa amefunga koti mpaka kidevuni, shali shingoni na kofia ya manyoya kichwani, akatembea hivyo mpaka mezani kama askofu.

Mama Alphonsine alivua koti. Akavua na sweta. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, ambacho wakati wa baridi hakikuwahi kukaliwa na mtu, akakaa akilitazama ziwa. Kisha akamwita kila mmoja, wakapiga magoti mmoja mmoja naye akawabariki kwa mwaka mpya, Réjean na kofia yake mkononi.

Wakala, supu kwanza kisha pai. Réjean alikula kidogo, akapumua sana. Jasho lilimtoka kwenye paji, likafuata pua, likaning'inia.

"Supu imekuzidi chumvi, kaka?" Ghislaine aliuliza.

"Supu safi."

"Réjean," alisema Mama bila kuinua macho, "vua hilo koti. Unatoa jasho kama mwizi kanisani."

Alilivua. Huguette alikuwa wa kwanza kupiga meza kwa kijiko, wakafuata wote, na Fernand akainuka kwa heshima kumvisha shemeji yake aproni yenye maua.

Réjean alikuwa na mikono kwenye povu la vyombo Mama alipotangaza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye leo harudi mjini.

"Mama, walezi wanakusubiri," alisema Réjean.

"Simu ipo. Wapigie, mikono ikikauka."

Ghislaine alisimama katikati ya sebule, furaha na hofu vimemjaa pamoja, tayari anahesabu kichwani mablanketi na ngazi na nyonga ile. "Chumba chako cha chini kimefungwa, Mama. Hita yake sijaigusa bado."

"Basi tukaifungue," alisema Mama, akitafuta fimbo yake.

Mama alikaa mpaka sikukuu ya Wafalme, ile ya tarehe sita Januari, ikapita, na msimu wa baridi uliofuata alikuja mapema zaidi, theluji ya kwanza ilipoanguka. Réjean naye alipiga simu siku ya pili baada ya theluji hiyo, sauti chini ili Huguette asisikie, akiuliza ile nailoni inauzwa duka gani.