Ukuta wa Selpha

Udongo ulikuwa bado mbichi. Wepukhulu, mtunza mashua, aliweka kiganja kwenye ukuta wa kibanda kando ya bwawa, kikatoka na tope.

"Mama Simiyu, nani amekandika hii?"

"Si ni mimi!" Mkewe Selpha alifuta mikono kwa leso, uso umemchanua. "Mashua ya bwana mkubwa inalala nje kama haina mwenyewe? Nimefunga matete pande zote, nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe. Ikikauka utaona."

Mwanamke huyu! Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu atoke Kimilili kuja kuishi na mumewe hapa Eldoret, na kwake yeye chochote chenye nguzo na paa kilikuwa nyumba. Wepukhulu hakuwahi kumweleza sheria. Bwawa lilikuwa la umma. Mzungu aliyemwajiri aliruhusiwa gati la mbao, ling'olewe kila mvua zikikaribia, na kibanda cha mashua kisicho na ukuta. Kikipata ukuta ni nyumba, na nyumba ufukweni ni marufuku. Mashua ingeondolewa, mtunza mashua angefutwa kazi, na Selpha angerudi Kimilili kwa mama mkwe. Ile miaka ya kuishi mbali mbali ingeanza tena.

Na mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja asubuhi hiyo hiyo. Gati lilikuwa limeshang'olewa, mbao zimepangwa nyasini. Wepukhulu akainua jembe abomoe, kisha akaona alama za vidole vya mkewe, zimezunguka kila nguzo kwa upole. Alimpenda mno. Jembe likarudi chini.

"Umesimama nini?"

Akamwambia yote. Machozi yakamlengalenga Selpha, halafu akafyonza.

"Kumbe unaogopa mimi kuliko Mzungu? Toka hapo, Baba Simiyu!"

Akazamisha mikono yote miwili ukutani na kuvuta. Tope likamrukia mumewe usoni, wakacheka hadi wakashika mbavu, huku wakibomoa na kutupa matete majini.

Mkaguzi aliwakuta wametapakaa udongo hadi viwikoni. Alizunguka nguzo tupu juu ya farasi wake, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika:

"Hapa nani nalala?"

"Hapana mtu, bwana," Wepukhulu alijibu.

Farasi alipopotelea nyuma ya kilima, Selpha alichuchumaa ukingoni akanawa. Kisha akauvuta mkono wa mumewe ndani ya maji, akaanza kuuosha, kidole kimoja kimoja, bila haraka.