Hajaanguka Hata Mara Moja

Mimi mdomo wangu mnaujua. Sokoni Morogoro wachuuzi wananikwepa, maana nikishataja bei ya njegere zangu sishuki. Sasa niambieni, siku ile mdomo huo ulikuwa wapi?

Mwanangu Raya ana kifafa. Kiwanda cha mjini kilipouzwa kwa mwekezaji na baba yake akapunguzwa kazi, tulirudi huku mlimani kulima, na kabati la dawa la zahanati yetu lilikuwa tupu. Ndipo akaja Daktari Jonathan. Alikuwa anasomea ubingwa wa magonjwa ya akili na kifafa, na walimu wake walitaka ajifunzie huku huku kwa watu, siyo wodini tu. Kila Jumatano alipanda kwa miguu, dawa mgongoni, jasho linamtiririka, na bado ananiwahi, "Shikamoo, mama. Raya hajambo?" Jamani, nani asingempenda?

Dawa zilimpunguzia Raya, lakini hazikumaliza. Aliendelea kuanguka. Mimi nikiulizwa nasema hajambo, tunashukuru. Mtu kapanda mlima wote ule kwa ajili yako, halafu umwambie kazi yake haijafaa? Kwetu huko ni kukosa adabu.

Basi siku moja akapanda na mwalimu wake, daktari bingwa, aje kumtahini. Tukapangwa kwenye benchi la zahanati, sisi na wagonjwa wetu. Bingwa akaniuliza, "Mama, tangu aanze dawa hizi, ameanguka?" Jonathan kasimama nyuma yake, ananitazama mimi. Nikasema, "Hajaanguka hata mara moja." Bingwa akafurahi kweli. Akasema dawa ibaki kiasi kilekile, asiongezewe. Nikarudi nyumbani najiona mtu mwema, mjinga mimi.

Wiki hiyo hiyo Raya akaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni kwenye mafiga. Ule ukelele sitaki kuusimulia. Nilimbeba hadi zahanati nikijilaani njia nzima, kwamba mkono ule nimeuchoma mimi kwa ulimi wangu.

Jumatano Jonathan akamkuta pale zahanati na bendeji hadi kwenye kiwiko. Akachuchumaa mbele yake, akaukagua mkono. Kisha akainuka.

"Mama, nisamehe. Nilikosea kipimo cha dawa. Leo nikishuka namwambia mwalimu wangu sijaiva, asinipitishe."

Loo! Ningenyamaza, mzigo angeubeba yeye. Na shetani alininong'oneza ninyamaze, sikatai. Lakini nilimwona anavyojifuta macho kwa mkono wa koti, nikashindwa.

"Daktari, hukukosea. Alikuwa anaanguka kila wiki. Mimi ndiye niliyekudanganya."

"Kwa nini, mama?"

"Wewe ni mgeni wetu. Niliona haya kukuaibisha mbele ya mkubwa wako."

Nilitaka anifokee. Wallahi nilitaka, pengine roho ingepoa kidogo. Hakunifokea. Aligeuka akalitazama benchi: Magreth na mwanawe, Bibi Mosi na mjukuu wake, Stambuli na mkewe mgonjwa, watu ambao wiki zote hizo walimjibu hajambo, tunashukuru.

"Na nyie wengine?" akauliza.

Magreth akawa wa kwanza kuinamisha kichwa. Kisha wote.